Wimbo Mmoja, Saa Mbili

Jumapili.

Eti "walipiga wimbo mmoja tu, saa mbili nzima, hauishi!" Diane, mwenzangu wa ofisini, ameniambia hivyo leo baada ya ibada, akinipongeza kwa kulikosa onyesho la jana Kicukiro.

Miaka minne naifuata bendi hii. Hata umeme ulipokatika Rwezamenyo wakaendelea na ngoma tupu, nilikuwepo. Niliapa hawatapiga vizuri zaidi ya siku ile.

Jana? Nilikuwa kwenye gusaba, posa ya binamu yangu, nikiwasikiliza wazee wakibishana kwa adabu kuhusu ng'ombe. Saa mbili pia. Burudani tupu.

Diane alirekodi, Mungu ambariki. Dakika moja. Anaonekana yeye akipiga miayo, na nyuma yake sauti ya gita ndiyo kwanza inaanza kupanda, hapo video inakatika.