Goti la Mama, Mfupa wa Baba

Jumatatu, 8 Julai

Nimempoteza Nuru juzi Jumamosi, asubuhi, kwenye mlima wa Musaga. Alikuwa na miaka minne. Leo nimeamka nikakata majani ya farasi wawili. Yupo mmoja. Nimemrundikia yote mama yake, Kazi, naye akayamaliza. Mnyama hana matanga.

Niandike ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kunisimulia. Nuru anavuta matofali mia mbili kwenye mkokoteni. Kazi huuvuta mzigo huo huku anasinzia. Tulishamaliza kupanda, tunateremka kidogo tu kuingia kwenye jengo. Nikasikia mlio. Nikadhani gurudumu. Nikainama kutazama gurudumu, na Nuru amesimama kwa miguu mitatu.

Veterineri, daktari wa wanyama, alikuja kwa miguu, esansi ya magari hakuna mji mzima. Sindano moja ya kumpumzisha. Watu wanapiga picha.

Nina hasira na sijui niipeleke wapi.

Jumanne, 9 Julai

Nimejua pa kuipeleka. Nasoro amekuja.

Nasoro ana nusu ya Kazi. Sultani, baba yake Nuru, dume mweupe wa kubeba mabibi arusi, ni wake mzima. Duka lake la vitambaa lilifunguliwa na babu yake aliyetoka Omani, na hapitishi wiki bila kunikumbusha. Mimi nilianza kwa kubeba majani kichwani kutoka Kamenge, nikiwauzia Wazungu wenye farasi. Yule Mzungu wa mwisho alipoondoka alikuwa na deni langu la majani, akanipa nusu ya Kazi. Nusu nyingine alimuuzia Nasoro.

Pole yake ilikuwa fupi.

“Pole, Mama Idi. Lakini mi nilikuambiaga. Kazi ana magoti ya kurudi nyuma. We ukasema, aa, anavuta. Basi ona.”

“Na Sultani wako amevutaka nini, Baba Salma? Bibi arusi?”

Hakucheka. Amekwenda bila kunywa chai.

Alhamisi, 11 Julai

Sijalala vizuri. Anachosema kuhusu magoti ni kweli. Ukimtazama Kazi kwa ubavu, mguu wa mbele umejikunja kinyume, kama upinde. Lakini miaka kumi na moja ya kazi, hajachechemea hata siku moja. Kwa nini mama adumu na binti avunjike?

Nimechukua futi ya fundi cherehani. Chini ya goti, kuzunguka mfupa, Kazi ana sentimita ishirini na nusu. Nikaenda kwa Nasoro yeye akiwa dukani. Mtunzaji wa Sultani akaniuliza kama namshonea suruali. Sultani ana kumi na saba na nusu. Na ni mrefu kuliko Kazi kwa kiganja kizima, mzito zaidi, shingo kama ya kwenye picha, miguu imenyooka kama nguzo. Nguzo nyembamba.

Nuru nilimpima Aprili, nilipomkatia vitambaa vya kufunga miguu. Kumi na saba.

Basi ndiyo hiyo. Goti la mama, mfupa wa baba. Kila mmoja alimpa kibaya chake.

Kazi analibeba goti lake kwa sababu mfupa ni mnene, na kwa sababu amejifundisha. Hatua fupi. Kwenye mteremko hanyooshi mguu mpaka mwisho. Hilo halimo kwenye damu, alilipata barabarani. Mimi nikatazama kazi yake nikasema mwili si neno. Nasoro akatazama mwili wa Sultani wake akasema kazi si neno.

Jumapili, 14 Julai

Kazi anataka dume. Anainua mkia kila mbuzi akipita. Ana miaka kumi na tano. Veterineri anasema akishika mimba sasa, mtoto huyu huenda akawa wa mwisho. Siku tano za kumpandisha, sita akipenda Mungu.

Nasoro ameshajua. Ametuma neno: Sultani atakuja. Arusi zinataka mtoto mweupe wa kumrithi.

Sitaki. Lakini nusu ni yake. Hapandishwi bila neno lake, wala bila langu.

Jumatatu, 15 Julai

Gatumba. Nimekwenda kumwona dume wa Mzee Kalume, mchuuzi wa Uvira. Anaitwa Kifaru na anastahili. Kichwa kama jiwe la kusagia, shingo hakuna, rangi ya maji machafu. Nimempima: ishirini na moja, na goti limenyooka. Nikamfuata mchana kutwa akivuta chumvi na unga kwenye tope lililoachwa na mafuriko. Kwato zinazama, anazing’oa, anaendelea. Nalala kwa shangazi huko huko ili nimshike miguu asubuhi.

“Uyu si wa arusi, mama,” Kalume akaniambia. “Bibi arusi akimuona, anarudi kwao.”

Jumanne, 16 Julai

Alfajiri nimeshika miguu ya Kifaru yote minne. Baridi, mzigo wa jana haukuiumiza. Hakuna uvimbe. Kalume anarudi Uvira Jumamosi, hajui atavuka tena mpaka lini.

Kutoka Gatumba nimekwenda dukani kwa Nasoro. Nimempa sharti la haki mbele ya wateja wake. Sultani avute matofali mia mbili, Musaga, kupanda na kuteremka, mara moja tu. Kesho yake tumshike miguu pamoja. Ikiwa baridi, ampande Kazi nami nitanyamaza. Ikiwa moto, tunakwenda Gatumba kwa Kifaru.

“Sultani si punda, Mama Idi. Mkanda utamchubua manyoya. Nina arusi mbili wiki hii.”

Manyoya. Mtoto wangu nimemzika kwa ajili ya mfupa, na yeye ananiambia manyoya.

Nikamwambia anaogopa jibu. Wateja wakatazama vitambaa.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimerudi kutoka sokoni nimemkuta Sultani kwenye lango langu. Mtunzaji wake amemshika kamba, ameshampaka mafuta, mkia umesukwa. Nasoro hakuja mwenyewe. Kazi ndani anapiga kelele, anataka. Angempokea bila kuuliza.

Nimesimama langoni na jembe. Si kwa kumpiga mtu. Nilikuwa nalo tu mkononi na sikuliweka chini.

“Mama, mi nimetumwa tu,” akasema mtunzaji.

“Basi katumwe kurudi.”

Amerudi. Ile nusu yangu ya Kazi sikupewa zawadi. Nimeibeba kichwani, fungu kwa fungu.

Alhamisi, 18 Julai

Kumetulia. Upepo wa kiangazi, vumbi. Kazi bado anataka, ila si kama juzi. Kesho, kesho kutwa, basi. Nimempeleka ziwani, nimemwogesha miguu. Nimesimama ubavuni nikamtazama goti kwa muda mrefu. Baya kweli. Sijui kwa nini nilichukua miaka yote hii kulisema.

Nimemtumia Nasoro sauti kwenye simu. Sikuzunguka.

Nimesema: Baba Salma, mimi na wewe tulimtengeneza Nuru vibaya, wote wawili. Tusirudie. Ukikubali Kifaru, mtoto akitoka na sura mbaya ni wangu peke yangu, sitakuomba hata majani. Akitoka mzuri ni wetu, nusu kwa nusu. Ukikataa, Kazi hapandishwi na yeyote, na damu yake inaishia hapa. Sultani haingii kwangu. Usinitumie mtunzaji, usiniambie inshallah, usiniambie tutaonana. Kesho, kabla hujaingia msikitini kwa swala ya Ijumaa, nipe neno moja. Ndiyo ama apana?