Sarafu Tatu za Nyabuto

Jumatatu, 3 Machi
Chai imechumwa, imepelekwa kituoni. Mvua. Kaka yangu Nyabuto amekaa sebuleni tena, anafuta zile sarafu zake. Tatu, za fedha, ndogo kama vifungo vya shati. Alipewa na mzee aliyefanya naye kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha sarafu. Ni za majaribio. Zilipigwa chache tu kupima muhuri, kabla ya zile za kuuza. Upande mmoja ndege, wa pili mtupu. Ameweka picha zake mtandaoni. Sikupenda.

Jumatano, 5 Machi
Simu zinaingia. Namba ngeni. Nyabuto anacheka, anasema wakusanyaji wa sarafu ndivyo walivyo. Mmoja amemuuliza kama mama bado anaumwa goti. Nyabuto hakuwahi kumwambia mtu huyo habari za goti.

Ijumaa, 7 Machi
Wanaume wawili sokoni Ekerenyo, wanaulizia kwetu. Mtu wa boda aliyewaona anasema hawakuwa na haraka. Nimemsihi Nyabuto auze, atupe, vyovyote. Amekasirika. Ati mimi mwoga. Ni kweli. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Tumerudi kutoka kanisani, mlango uko wazi. Hakuna kilichoibwa. Wamepekua kila mahali, kisha wakatandika vitanda vizuri kuliko nilivyoviacha. Hicho ndicho kinachonitisha. Sarafu zilikuwa mfukoni mwa Nyabuto.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi Nyabuto alikwenda Kisii mjini kuonana na mnunuzi. Sarafu alimwachia mama. Kufikia saa sita simu yake haipatikani.

Mchana wale wawili wakaja. Mmoja ameshika simu ya Nyabuto. Naijua, kioo kimepasuka pembeni. Walisalimia kwa adabu. Mama aliwakaribisha, akawamiminia chai, akafungua fundo la leso yake.

"Zichukueni," akawaambia. "Mwanangu afike hapa kabla giza halijaingia."

Walizitia sarafu mfukoni. Walimaliza chai, wakaenda.

Jumanne, 11 Machi
Alifika jana magharibi, kwa miguu, kiatu kimoja. Hasemi walimfanya nini. Hatujamuuliza.

Leo tumechuma chai sote watatu, mama katikati. Nyabuto hajamshukuru wala hajamlaumu. Ukungu ulichelewa kuondoka. Gari likisikika barabarani, anaacha kuchuma mpaka lipite.