Merikebu Imepindika na Shemeji Anarudi

Mpendwa mshauri,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu, mara ya mwisho nilikuandikia nilipofunga duka langu la kutengeneza saa, ukaniambia nitafute kazi ya mikono isiyo na haraka, nami nikakutii, nikaanza kuunda merikebu ndogo ya mbao pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akija kwetu anakaa kitini kama mzigo ulioachwa stesheni, haongei, lakini tulipoulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa merikebu, mezani na kuusimamishia mbavu zake, ulimi wake ukafunguka, akawa ananitania, "Fundi Saa, hii haina mshale wa sekunde, punguza mbio!"

Tuligawana: upande wa kushoto wake, wa kulia wangu, na kila akija tunaloweka papi mbili, vipande virefu vyembamba vya mbao, katika maji ya moto, tunazikunja taratibu kufuata mbavu, yeye anagundisha yake, mimi yangu, kisha tunaziacha zikauke, na hapo ndipo mateso yangu, mshauri, maana mimi kungojea gundi ikauke ni kama kukalia siafu. Basi shemeji akalazwa hospitali kwa ajili ya mgongo, nami nikawa naingia sebuleni, natoka, narudi, naishika papi, naiweka, mpaka siku moja nikasema nigundishe moja tu, na moja ikaita nyingine, hata upande wangu ukajaa wote na wake ukabaki mbavu wazi juu ya papi zake chache, na nilipoitazama kwa mbele nikaona merikebu imepindika kama ndizi.

Sasa shemeji ameruhusiwa, anakuja Jumamosi, na mimi sili wala situlii: mara nafikiri niseme mbao zilikuwa mbichi, mara nizibandue zote upesi kabla hajafika, mara niujaze upande wa pili na kuipaka merikebu rangi nzito, na nikimwomba mke wangu anisemee ananijibu, "Mume wangu, kaka yangu ana masikio. Mimi simo." Nifanyeje? Naogopa atarudi katika kimya chake.

Fundi Saa Asiyetulia

---

Fundi Saa,

Pole kwa hofu. Inaonyesha kwamba unampenda shemeji yako. Pole zangu zinaishia hapo.

Umeandika "imepindika". Kitenzi hicho hueleza jambo lililotokea bila kumtaja aliyelitenda. Merikebu hii ina mtendaji, naye ana gundi vidoleni. Sema "nimeipinda". Maneno yote mawili yana silabi tano. Tofauti yake ni mtu mzima mmoja.

Kanuni unaijua: papi moja huku, moja kule, ili mvuto wa upande mmoja uzuiwe na wa mwenzake. Papi za upande mmoja zikikauka peke yake, mkuku huzifuata. Usizisingizie mbao. Rangi nayo haijawahi kunyoosha kitu. Hata kuzibandua upesi nakukataza, kwa kuwa ni pupa ileile imevaa shati jingine, na utazivunja mbavu.

Leo, kabla hujamaliza chai yako, mpigie simu. Usianze na habari za hali ya hewa. Akija, kilazeni chombo juu ya ubao ulionyooka, muifunike papi ya juu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto hadi gundi ilainike, mmoja aiinue kwa kisu butu na mwingine ashike mbavu. Mkifikia kimo cha papi alizoziweka yeye, simameni, mkaze mkuku kwenye ubao huo. Ukinyooka, endeleeni kwa zamu. Usiponyooka, wekeni mkuku mwingine, muanze upya. Lakini uamuzi huo si wako peke yako: nusu ya merikebu ni ya mwenzako, nayo umeiacha tupu.

Mkeo usimsumbue tena. Amekwisha kukujibu kwa Kiswahili fasaha.

---

Kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, Fundi Saa ametuletea maneno haya:

Mshauri, nimempigia. Nilisema, "Shemeji, nimeipinda merikebu." Akaguna: "Kwa pupa yako hiyo, ajabu ni kwamba nyumba bado imesimama. Mwambie dada akufungie gundi kabatini mpaka nije." Hatujaamua kama tutabandua au tutaanza upya, anataka kuiona kwanza kwa macho yake. Tukishaamua, nitakuandikia.