Waya wa Kijani kwenye Pasi ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Shangazi bado anakoroma mpaka bati linatetemeka.

Jana nilijikaza, nikafungua plagi ya ile pasi iliyomuua mama. Unakumbuka baba alivyotufundisha ufundi: zima swichi kubwa, menya waya kiasi cha kuingia tunduni tu, usikate hata unywele mmoja wa shaba, kaza skrubu, kisha uvute uone kama umeshika. Na wa kijani, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, uuache mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uchomoke wa mwisho. Wewe hukuwahi kuusahau. Mimi na haraka zangu nilizikata nyaya zote urefu mmoja, baba akanigombeza kila siku.

Kaka, kwenye plagi ile zote zilikuwa za urefu mmoja, na wa kijani ulikuwa umechomoka.

Wajomba walipokufukuza msibani, wakisema ni kazi ya mikono yako, nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba sikumbuki nani aliifunga.

Leo nimewaita wote sebuleni, nikawaonyesha.

Usiponisamehe, njoo hivyo hivyo. Hata kaburi la mama hujaliona.

Mdogo wako,
niliyeifunga plagi