Kadi ya Kamera ya Fusae

Kashiwa-so, ghorofa ya pili,
Nakano, Tokyo.
17 Juni 2018

Mpendwa mwanangu Chigusa,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. Hujambo? Mumeo Anselmo hajambo? Na Kenzo, meno yake ya mbele yameshaota? Najua huko Curitiba sasa ni baridi, kwa hiyo mfunike huyo mtoto hata akipiga kelele. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linalonisumbua nikipanda ngazi za kituoni, lakini hilo nimeshalizoea.

Mvua za msimu zimeanza na kila kitu ndani ya nyumba kinanuka uvundo. Kwa watu wa kazi yangu hii ndiyo miezi ya kuvu. Dukani tunawasha mashine ya kukausha hewa kutwa nzima. Bi. Hirabe analalamikia umeme, kisha anakwenda kuiongeza nguvu mwenyewe. Unamkumbuka, yule mwenye duka? Duka la kamera kuukuu alilirithi kwa marehemu mumewe, ulimi aliurithi kwa mama yake. Anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Nimeamua kukujibu kwa karatasi, maana kwa kidole changu kimoja ningemaliza mwakani. Unasema unataka kununua mtandaoni, kwa wauzaji wa huku kwetu, kamera ya filamu inayofanana na ile ya mama yako mdogo Fusae, na maneno wanayoelezea hali ya vitu vyao yanakuchanganya. Mwanangu, hujui ulivyonifurahisha. Tangu Fusae atutoke, watu hawaniulizi kitu ila bei.

Basi sikiliza. Ukiona "karibu mpya", usisome hapo, soma kinachofuata. Muuzaji mwema ataongeza mstari: mkwaruzo hapa, rangi imebanduka pale. Asipoongeza kitu, ama kamera haijawahi kutoka kwenye boksi, ama yeye hajawahi kuitazama. "Safi kwa umri wake" ndivyo Bi. Hirabe anavyonisema mimi kwa wateja, kwa hiyo pima mwenyewe.

"Vumbi kidogo ndani ya lenzi, haliharibu picha" ni kweli mara nyingi, usiogope vumbi. "Ukungu kidogo", yaani utando kama mvuke kwenye kioo, uogope, kwa sababu ukungu haujui kidogo, ukipiga picha kuelekea jua kila kitu kitapauka. Na kuvu likimbie kabisa. Kuvu lina mizizi kama nyuzi za buibui, na hata likisafishwa linaacha alama yake kwenye kioo.

"Haijajaribiwa" maana yake ni kwamba ameijaribu. Betri inauzwa kila duka la pembeni, nani auze kamera asitie betri aone? Halafu kuna yule anayeandika, "Imetoka kwenye nyumba ya marehemu, mimi si mjuzi wa kamera." Tazama vitu vyake vingine anavyouza. Ukikuta vyote ni kamera, ujue huyo ana marehemu wengi mno.

Tazama pia picha ambayo hakuipiga. Akikuonyesha kamera juu, chini na ubavuni, lakini hajakuonyesha tundu la betri, basi mle ndani mna kutu ya kijani.

Neno linalowatisha wageni ni "takataka". Sisi tuna kapu zima la takataka mlangoni, na wajuzi wakiingia huinamia hapo kwanza kabla hata ya kutusalimu. Halimaanishi kitu kibovu. Linamaanisha usije ukarudi kulalamika. Vingine vinafanya kazi vizuri tu, ila muuzaji hataki maneno.

Uliuliza pia kuhusu maneno "haitumwi kwa posta, mnunuzi aje mwenyewe". Hayo nitakueleza mwishoni, nisije nikasahau ninachotaka kukwambia.

Tulipomaliza siku arobaini na tisa za matanga ya Fusae, niliichukua kamera yake nikaipeleka dukani kuuzwa. Usinikasirikie. Ilikuwa inakaa kwenye rafu kando ya picha yake, pale ninapomwekea chai asubuhi. Kamera isiyotumika huota kuvu, na mimi sikuwa naitumia. Nilikuwa navuta wenzo wake na kubonyeza kitufe tu, bila filamu, ili niusikie ule mlio. Jikoni bado napika wali wa watu wawili. Nikaona nikiendelea hivi nitapata wazimu.

Bi. Hirabe aliigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Kisha akanisukumia kadi nyeupe ya maelezo.

"Andika mwenyewe," akasema. "Kama unavyoandika za watu. Usiipendelee."

Sikuipendelea. Unajua utaratibu wetu: kadi inataja kasoro, sifa anajionea mteja. Niliandika kila kitu. Rangi imeisha bega la kulia, shaba inaonekana, mahali pa kidole gumba. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa filamu zimekwisha. Ngozi imebanduka kidogo. Spidi ya chini inachelewa. Nikaandika hata kibonyeo cha pembe ya kushoto: "Iliangushwa na mtoto kwenye mawe ya mto Tama."

Mtoto huyo ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulilia njia nzima mpaka nyumbani, na Fusae akakununulia barafu ya maharage mekundu ili unyamaze. Picha uliyompiga muda mfupi kabla ya kuiangusha ndiyo tuliyoiweka mbele ya jeneza. Alipiga picha za kila mtu maisha yake yote, naye hakuwa na nyingine ya peke yake. Imefifia kidogo machoni, lakini anacheka.

Bi. Hirabe alisoma kadi yangu akavua miwani.

"Mzee Uchikoshi, unauza kamera au unaishtaki?"

"Umesema nisiipendelee."

"Nimesema usiipendelee, sikusema uiue. Sasa hii nani atainunua?"

Moyoni nilishukuru. Niliamini nimeandika kadi ambayo hakuna mtu mwenye akili atakayeikaribia, na kamera itakaa kabatini mbele ya macho yangu, kwenye hewa kavu, bila mimi kuwa nayo nyumbani.

Nilisahau watu wetu walivyo! Kadi yenye sifa wanaipita, yenye kasoro wanaisimamia. Jumatatu walikuja wawili kuitazama, Jumatano mwingine. Kadiri nilivyoitukana ndivyo walivyoitaka. Alhamisi akaja Bwana Nezu, kinyozi mstaafu, mteja wetu wa miaka mingi. Alisoma ile kadi mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Hii niwekee mpaka Jumamosi," akasema. "Nakuja na hela."

"Spidi ya chini inachelewa," nikamwambia.

"Nimesoma."

"Sponji zimekwisha kabisa."

"Nimesoma, mzee. Wewe unafukuza wateja?"

"Mbona unaitaka hivyo, na kasoro zote hizo?"

Akagonga kioo cha kabati kwa kidole. "Mtu akijua mpaka mto ilikoangukia, hiyo kamera ilikuwa na mwenyewe. Kamera yenye mwenyewe hainiangushi."

Bi. Hirabe alikuwa nyuma yangu akifuta lenzi. Bwana Nezu alipotoka akaja kusimama kando yangu.

"Kadi huwa haisemi nani aliangusha," akaniambia taratibu. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, mwaka wa kwanza baada ya mume wangu kufa. Mto Tama umeingiaje kwenye kadi?"

Nililia pale pale, mbele ya makabati, mtu mzima na fulana ya kazi. Bi. Hirabe akageuza kibao cha mlangoni kuwa "Tumefunga", saa tisa mchana, akanitengenezea chai ya shayiri. Kisha akatoa kamera kabatini akaiweka mbele yangu, akaichana ile kadi. Bwana Nezu akampigia simu yeye mwenyewe. Sijui alimwambia nini, lakini Jumamosi Nezu alikuja na vipande viwili vya tofu ya soya badala ya hela, akanitaka tule pamoja.

Kwa hiyo usinunue hiyo uliyoiona mtandaoni. Ya Fusae ipo, ni yako. Nimebadilisha sponji, nimesafisha lenzi, spidi ya chini nimeirekebisha. Kibonyeo sikukigusa.

Uliniuliza hali yangu nikakujibu juu huko kwamba ni mzima. Hiyo nayo ni lugha ya wauzaji. Nina upweke, Chigusa. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Hukuweza kuja kwenye mazishi, najua mtoto alikuwa anaumwa, na sikulaumu hata kidogo. Lakini utotoni ulituhitaji mimi na Fusae, na sasa mimi nakuhitaji.

Nisalimie Anselmo na mama yake Dona Ivete, umwambie kahawa yake bado naitunza kwa ajili ya wageni. Mbusu Kenzo. Mwenye kuwalinda walio mbali awalinde nyote, na nyumba yenu isikose vicheko.

Sasa yale maneno uliyoniuliza. Muuzaji akiandika "haitumwi kwa posta, mnunuzi aje mwenyewe", watu hudhani anaogopa kitu kisivunjike njiani. Mara nyingi si hivyo. Anataka kumwona anayekuja kukichukua.

Kamera nimeiandikia kadi mpya, ina mstari huo mmoja tu.

Nikupendaye daima,
baba yako mdogo,
Morihiko Uchikoshi