Shavu la Baba Mkwe

Kamalondo, Lubumbashi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye umpe shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Bado unasimama kutwa nzima nyuma ya kiti cha wateja, au Kaka Hamisi amekubali kukupokea mchana? Sisi huku tunapumua, tunakula, watu wanatujulia hali. Ila mimi situlii. Nimekaa kuandika mistari hii michache na tayari nimeshainuka mara tatu, mara kufunika chungu, mara kuchungulia barabarani, mara sijui nini. Kwa simu nisingeweza. Nyumba hii haina pembe ya kusemea neno la moyoni, na wewe simu unaishika mbali na sikio. Barua anakuletea dereva mmoja, mwenzake mume wangu Saleh, anayepitia Tunduma.

Unajua kwamba Baba mkwe, mzee Amisi, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote umelala: mkono, mguu, na nusu ya uso. Kusema hasemi. Mume wangu Saleh wakati huo alikuwa amekwama na lori njia ya Kilwa, hii ya huku Kongo, mvua imeharibu barabara, wiki ya tatu hata mtandao hapati. Nyumbani tukabaki mimi na wifi yangu Fatu, yule aliyefiwa na mume akarudi kwa baba yake. Fatu ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Mimi mkwe, kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, na kusalimia kutoka mlangoni huku nimeinamisha macho, kama mlivyonifundisha.

Siku zile nilitaka kuondoka, Baba. Nakwambia kweli. Nilikuwa nazunguka ua, naokota kijiti naenda kukitupa, narudi. Mara mbili nilikunja nguo zangu nikazipanga kwenye begi. Mume hayupo, mgonjwa si wangu kumgusa, wifi haniangalii. Nikajiuliza nakaa hapa nafanya nini.

Mzee naye akaanza kukataa kula. Ukimpelekea kijiko cha uji anageuza uso, anainua mkono wa kushoto, anasugua shavu. Anasugua, anasugua, mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Fatu akasema ni jino. Akamwita muuguzi wa jirani, akamfungua kinywa, hakuona kitu. Siku ya tatu nilikuwa mlangoni na beseni la nguo, nikamwona anapitisha kidole kwenye taya, kutoka sikioni kushuka kidevuni, polepole, kisha anakikung'uta pembeni. Baba, nimekuona wewe ukifanya hivyo maelfu ya mara. Anayekung'uta hivyo anakung'uta povu.

"Fatu," nikamwambia, "baba anataka kunyolewa."

Huyu mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la shaba. Kule walivaa barakoa za kuzuia moshi, na barakoa haishiki kwenye ndevu, moshi unapenya. Kwa hiyo alinyoa kila alfajiri, na alipostaafu akaendelea. Sasa alikuwa na ndevu za wiki nne, nyeupe, zinazoshika uji na mate. Ndiyo maana alikuwa hataki kijiko. Aliona aibu.

Fatu akajaribu, akauweka wembe chini. "Mi siweze," akasema. "Naogopa damu." Vinyozi wa hapa wanatumia mashine za umeme, na aliyeitwa aje nyumbani alimtazama mgonjwa akasema hataki lawama. Nikabaki mimi.

Nilipiga magoti mbele ya kitanda. Nikasema, "Baba, Saleh yuko mbali. Mimi ni binti wa kinyozi. Ukikubali, nitakunyoa. Ukiona si adabu, funga macho nami nitaondoka." Hakufunga macho. Alinigeuzia shavu.

Mashine yake ya kunyolea ilikuwa ile ambayo hata wewe unayo, ya wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Ukizungusha mpini, kichwa kinafunguka kama mabawa, unalaza wembe katikati, unafunga. Nyembe zake zinauzwa kila kibanda. Upande wa kushoto, ulio mzima, ulikwenda vizuri. Upande mmoja ukijaa povu nageuza mwingine, naendelea. Nilijisifu moyoni. Kumbe shavu la kulia si shavu la mtu mzima. Limelegea, halijivuti lenyewe, na mgonjwa hawezi kulisukuma kwa ulimi kukusaidia. Ule wembe mwembamba unajipinda kufuata ngozi, ukikuta mkunjo unauingia. Halafu nikasahau kwamba nyuma nako kuna makali. Nilipokuwa natafuta njia chini ya taya, upande wa pili ukagusa kona ya mdomo.

Kidonda chenyewe kidogo kama punje ya mchele. Lakini wanampa dawa ya kuzuia damu isigande, Baba, na mimi sikulifikiria hilo. Nikapaka shabu ya kukatia damu, nikakandamiza kitambaa. Damu ikaloanisha kitambaa, nikachukua cha pili. Fatu aliingia akapiga kelele.

"Unafanya nini kwa sura ya papa? Unataka kumuua? Toka! Toka mu chumba!"

Sikutoka. Nilikandamiza mpaka vidole vikafa ganzi, na muda wote mzee ananitazama, nami nalia juu yake kama mtoto. Adhuhuri iliadhiniwa na damu bado inavuja. Ilipokatika nilimwacha hivyo hivyo, nusu kanyolewa na nusu bado, nikaenda kuketi jikoni. Begi nililitoa tena siku ile.

Kesho yake Fatu akaja jikoni mwenyewe. Hakuniangalia. "Papa anakuita," akasema. "Yeye iko anaonyesha mu kabati."

Kwenye kabati, chini kabisa, ndani ya soksi, nilikuta mashine nyingine. Nzito, ya shaba, rangi imebambuka. Kichwa chake kina mdomo upande mmoja tu. Kinafunguka kama kifuniko cha kopo, na mahali pa kuweka wembe hapakubali hizi nyembe zetu. Inataka wembe mnene wenye mgongo mgumu nyuma na makali mbele peke yake. Wewe uliwahi kuishika? Mimi sikuwahi hata kuiona. Mzee aliipokea kwa mkono wa kushoto akaiweka kwenye shavu lililolala, akaiacha hapo, tupu, bila wembe. Nikaelewa. Anataka hii.

Nilizunguka sokoni Kenya asubuhi nzima. Hapa Kenya ni jina la mtaa. Kila ninayemwonyesha anacheka. Mwisho muuza misumari na rangi akanitolea kiboksi.

"Mama, ile ya fasi moja iko, lakini ni ya ba peintre, ya kukwangula langi ku vitre. Haiko ya sura ya muntu."

"Nipe," nikamwambia, ingawa anasema ni wembe wa mafundi rangi, wa kukwangulia vioo.

Wembe ulikaa kwenye mashine kama umezaliwa humo. Nikaujaribu kwanza kwenye mguu wangu. Ulikwaruza, ukaacha ngozi inawaka. Kukata unakata, lakini kwa fujo, kama wembe wa kukwangulia kioo ulivyo. Nikampelekea mzee kiboksi, nikatikisa kichwa. Akaniashiria kiunoni mwake. Mkanda. Nikautoa mkanda wake wa ngozi kwenye msumari, akanionyesha niufunge kwenye nguzo ya kitanda, niuvute, niupitishe wembe kwa kuanzia mgongo, makali yakifuata nyuma. Nikikosea anapiga godoro. Nikipatia ananyamaza. Baba, alinipigia godoro mpaka jasho likanitoka! Mtu asiyekula, asiyesema, macho yanamwaka kama msimamizi wa kazi. Kisha akataka wembe, akaugusisha kwenye ukucha wa dole gumba, akaurudisha. Bado. Mara ya tatu akakubali. Nikauchovya kwenye maji yanayochemka, nikaufuta kwa spiriti.

Sasa nikueleze tofauti, maana najua utabisha. Hii ya upande mmoja huiinamishi kama ile. Unalaza kichwa chake karibu bapa kwenye shavu, halafu unainua mpini kidogo tu mpaka usikie. Nasema usikie, kwa sababu inapiga kelele, krr, krr, na ikinyamaza ujue umepoteza pembe. Wembe wake haujipindi. Kwenye ngozi iliyolegea unapita juu, hauingii mkunjoni, mradi mkono wako wa pili umevuta ngozi kuelekea sikio. Na nyuma hakuna kitu cha kukusaliti. Ubaya wake ni kichwa kikubwa: chini ya pua hakiingii, na povu linajaa upesi, unasuuza kila baada ya hatua mbili. Kwa mtu mzima mwenye haraka, ile ya pande mbili ni bora, sikatai. Kwa uso uliolala, Baba, ni hii.

Nilimaliza bila tone la damu. Fatu alishika taa ya simu muda wote akiwa amefumba jicho moja. Mzee alijipapasa kushoto, akajipapasa kulia, akaonyesha sahani. Alikula bukari, ugali wa huku, kwa sombe ya kisamvu, kwa mkono wake wa kushoto, akamwaga nusu, na Fatu akageukia ukutani kulia.

Tangu hapo ninamnyoa kila baada ya siku mbili, halafu tunamkalisha getini, anapokea salamu za wapita njia kwa kuinua kidevu.

Saleh alirudi wiki iliyopita, miguu imevimba. Alipomkuta baba yake getini alisimama akilitazama lile shavu lililonyolewa. Fatu akamwambia, "Ni muke yako." Asubuhi Saleh akaichukua ile mashine mkononi mwangu, kwa upole, akasema ni kazi ya mtoto wa kiume. Mzee akamsukuma mkono. Akajaribu tena, akamsukuma tena, kisha akanitazama mimi, akageuza shavu. Saleh alinirudishia mashine, akaenda kukaa kizingitini.

Sasa sikiliza kilichoninyima utulivu. Juzi Mama Odette, jirani yetu, mama wa Butembo anayeuza unga kwa jumla, alisimama getini.

"Nani alimunyoa papa namna hii?"

"Ni mimi."

"Vraiment, kweli? Bwana yangu naye iko mu kitanda tangu mwaka. Hakuna mutu anataka kumushika sura. Unikujie, mama, nakulomba."

Saleh anasema kwa baba yake sawa, lakini mume wa mtu? Nimemjibu Saleh kwamba Mama Odette atakuwa ameketi pale pale. Hajasema ndiyo, hajasema hapana, na mimi natembea ua huu mwisho mpaka mwisho. Jumatatu nimeahidi kwenda. Nitakwenda.

Baba, wembe ulimfundisha Kaka Hamisi. Mimi ulinipa ufagio. Sikulaumu, ndivyo ilivyokuwa, na nilipokuwa nafagia nilitazama. Lakini kutazama hakutoshi, ile kona ya mdomo imenionyesha. Kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakuomba somo. Niandikie: chini ya pua unapitaje na kichwa kikubwa? Koo la mtu aliyelala chali unalivutia wapi? Na mkono ukianza kutetemeka katikati ya kazi, wewe hufanya nini? Usinifiche, najua na wako hutetemeka.

Mama nisalimie, umwambie nakula. Msalimie Kaka Hamisi na mkewe, na shangazi wa kule Gungu asiyeona vizuri, asomewe salamu hii. Wajomba zangu wavuvi wote wawili nawasalimu. Mzee Amisi anakusalimu pia. Nilimuuliza, akainua kidevu.

Binti yako, kinyozi,

Zuhura