Mtoto Hajaingia Pangoni

Matogoro, Songea
Tarehe 27 Desemba

Kaka yangu mpendwa Kajetani,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Jane na mtoto wenu Remmy, na kwamba mvua za huko Tunduru hazijawatesa. Huku hatujambo kiasi. Mama anaendelea vizuri, ila magoti yanamsumbua asubuhi, na siku hizi amekuwa mtu wa kukaa kimya muda mrefu, halafu anauliza jambo ambalo hukulitegemea kabisa. Mahindi yamefika magotini na palizi ya kwanza nilimaliza kabla ya sikukuu. Cherehani bado inanilisha. Mwaka huu wanakwaya walitaka sare mpya, wakaniletea vitambaa zikiwa zimebaki wiki mbili, kana kwamba mimi nina mikono sita. Nimezishona zote, na mpiga kinanda suruali yake imembana kwa sababu alinidanganya kipimo cha kiuno.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimekupigia mara nne tangu Novemba, hukupokea, na sikulaumu. Hata kama ungepokea, mimi najijua. Ungeniuliza neno moja ningeanza kujitetea, na ulimi wangu unaujua. Kwenye karatasi naweza kufuta. Barua hii anakuletea Daimu, jirani yetu, ambaye anakwenda kwao Namasakata kama kawaida yake ya kila mwisho wa mwaka. Nimemwomba aiweke mkononi mwako mwenyewe, si kwa fundi yeyote atakayemkuta pale karakanani kwako, na asikusimamie kungoja jibu.

Nataka kukueleza habari za Noeli yetu, kwa sababu jambo lililotokea linakuhusu.

Unaukumbuka utaratibu wa jumuiya yetu, haujabadilika. Kwa siku tisa kabla ya Noeli, Mtoto Yesu, yule aliyechongwa na marehemu baba kwa mti wa mninga, anazungushwa katika nyumba tisa. Jioni watu wanasali katika nyumba aliyofikia, analala hapo, kesho yake anabebwa kwenda nyumba nyingine, mpaka asubuhi ya Noeli anapopelekwa kanisani na kulazwa katika pango la Noeli. Na bado halazwi kwenye nyumba yenye ugomvi. Mzee Polikarp, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, anasimama mlangoni na kumuuliza mwenye nyumba mbele ya wote kama nyumba hii ina amani. Mwenye nyumba akisema ina amani, Mtoto anaingia. Akisema haina, anapitishwa kwa jirani, na watu hawasemi kitu, lakini kila mtu ameona.

Ndiyo maana kila Desemba hapa kwetu watu wanapatana kwa haraka. Anjelika na Kasiana hawakusalimiana tangu Machi kwa sababu ya kuku wa Kasiana waliofukua mbegu za mahindi za mwenzake. Siku moja kabla Mtoto hajafika kwa Anjelika, nilimwona Kasiana akipanda kile kilima na ungo wa karanga kichwani, amevaa kama anakwenda harusini. Walikaa barazani mpaka jioni. Mimi nilicheka nikiwa kwenye cherehani yangu. Sikufikiri kwamba zamu yangu inakuja.

Mwaka jana hawakutupangia kwa sababu ya msiba. Mwaka huu Mzee Polikarp alikuja kusema kwamba jumuiya imetupa siku ya tisa, ya mwisho, kwa heshima ya aliyemchonga Mtoto. Mama alifurahi, kaka, hujamwona mama akifurahi hivyo tangu baba alipolala. Alinituma nipake sebule chokaa. Alitoa kile kitambaa cheupe ambacho baba alikuwa akimfutia Mtoto vumbi, akakifua mara mbili. Na kila siku aliniuliza kama nimekupata kwenye simu. Nilimjibu kwamba mtandao wa Tunduru ni mbaya.

Kilichotutenganisha hujakisahau, lakini nataka nikiandike kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya kuanua matanga ya baba nilisimama mbele ya ukoo na jumuiya yote, nikasema wewe ndiye uliyemuua, kwa sababu ulitia sahihi atolewe hospitalini wakati dripu bado inaingia mwilini. Nilisema sahihi yako ndiyo iliyomchimbia kaburi. Nilisema kwa sauti kubwa, hata waliokuwa jikoni walisikia. Wewe hukujibu neno. Ulimuaga mama, ukachukua begi lako, na tangu siku hiyo hujakanyaga nyumbani. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Basi tarehe 24, saa kumi na mbili jioni, walikuja wakiimba. Walikuwa watu kama arobaini, na watoto wameshika mishumaa iliyofunikwa kwa karatasi isizimwe na upepo. Mzee Polikarp amembeba Mtoto. Mama alikuwa nyuma yangu amevaa kitenge kipya. Mzee Polikarp akauliza kama nyumba hii ina amani. Nilimsikia mama akipumua mgongoni kwangu. Nikafikiri kwamba nikisema haina, Mtoto wa baba atapitishwa mbele ya nyumba ya baba. Nikasema ina amani.

Wakaingia. Mkubwa wa nyumba ndiye anayembusu Mtoto kwanza, kwa hiyo wakampa mama. Alimshika vizuri, akaangalia ule mguu wa kushoto uliovunjika kidole ulipomwangusha ukiwa darasa la tatu, baba akakataa kuutengeneza ili ujifunze kushika vitu. Akamfuta uso kwa pindo la kitenge chake. Halafu akamlaza mezani bila kumbusu, akarudi kukaa. Watu walidhani ni uchungu wa kumkumbuka baba. Anjelika alilia kwa sauti. Mimi sikulia, nilikuwa naogopa.

Asubuhi ya Noeli tulipokuwa tunakunywa uji mama aliniambia jambo moja. Nitalisema, niache nifike mwisho wa habari hii kwanza.

Nilimfunga Mtoto kwenye kitambaa cha baba nikaenda naye kanisani, mama akitembea pembeni yangu na fimbo yake. Kwaya ilikuwa imeshaanza. Wahudumu wa altare walikuwa wamejipanga, Padre amevaa ile kanzu nyeupe yenye nakshi za dhahabu, na pango limepambwa vizuri kuliko mwaka wowote, kwa majani ya mgomba na nyasi kavu. Kilichobaki ni mimi kuingia na kumlaza. Nilifika mlangoni nikasimama. Nakuambia ilivyokuwa, wala sitaki kuipamba. Nilimwita Mzee Polikarp pembeni nikamwambia nilidanganya, nyumba yetu haina amani, na kwamba ugomvi ni wangu na wewe.

Unamjua Polikarp, si mtu wa maneno. Aliniangalia, akamwangalia mama, akaenda kumnong'oneza Padre. Aliporudi aliniambia kwamba basi Mtoto atangoja. Hakunikemea. Alisema niingie naye, nikae naye, kwa sababu amelala kwangu na hakuna mtu mwingine anayeweza kumpeleka pangoni kwa niaba yetu. Padre alikubali pango libaki tupu. Aliwaambia waumini kwa kifupi tu kwamba mwaka huu Mtoto amechelewa njiani, tumwombee mwenye nyumba aliyemkaribisha.

Nilikaa benchi la pili Misa nzima nimempakata. Sikuwahi kujua kama ni mzito vile. Kila aliyepita kutoa sadaka alitazama zile nyasi tupu, kisha akanitazama mimi. Sikwenda kukomunika. Mama alikwenda, akarudi, akapiga magoti karibu nami kwa magoti yake hayo mabovu, na hapo ndipo alipoinama akambusu Mtoto pale pale mapajani kwangu. Nilivumilia yote siku ile isipokuwa hilo. Nililia mpaka kitambaa cha baba kikalowa.

Baada ya Misa kulikuwa na chakula cha pamoja chini ya turubai, pilau na dagaa wa Nyasa, na togwa ya wazee. Nilitaka kuondoka nikakataliwa. Nilidhani hakuna atakayekaa na mimi, maana watu walionisikia siku ya matanga wote walikuwepo. Kasiana ndiye aliyekuja na sahani mbili. Alisema angejua kumbe kuna watu wana makubwa kuliko kuku wake, asingepanda kilima na karanga zote zile. Nikacheka huku nalia. Hakuniuliza kitu, wala wengine hawakuniuliza, na mimi sikusema. Nilitaka wewe usikie kwanza kabla yao.

Sasa lisikie.

Ile Alhamisi wodini, kabla hujafika kutoka Tunduru, baba aliniomba mimi. Alinishika mkono akasema anataka kulala kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, asikie mvua ya kwanza kwenye bati la nyumba yake. Alikuwa na akili zake zote. Daktari alishaniita pembeni siku mbili kabla, akanieleza kwamba dripu zile ni za kumpunguzia maumivu tu. Nilijua, kaka. Nilijua yote uliyokuja kuyajua wewe siku ya Ijumaa, na nilikataa.

Nilikataa kwa sababu niliogopa watu. Nilikuwa nimemuuguza miezi mitano, nikajua nikimrudisha nyumbani akafa watasema Lidwina amechoka. Kwa hiyo nilimwambia baba kwamba mimi mtoto wa kike sina nguvu ya kutia sahihi, amngoje Kajetani, Kajetani hatamkatalia. Mimi ndiye niliyemtuma kwako. Ulifika ukamsikiliza, ukatia sahihi, ukambeba mgongoni mpaka kwenye gari, na mimi nikasimama nyuma nimekunja mikono ili watu wote waone kwamba sikubali.

Mvua ilinyesha Jumatatu mchana. Nilikuwa jikoni, nikaja mpaka mlangoni, nikaiona sura yake alipokuwa anaisikiliza. Sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa ametulia kama mtu aliyefika. Alikufa kesho yake, na uchungu ulionipata ulikuwa wa namna mbili, wa kumkosa na wa kujua kwamba furaha yake ya mwisho aliipata kwako, mimi nikiwa nimemnyima. Huo wa pili ndio ulioongea siku ya matanga.

Sijui kama baba alikuambia kwamba aliniomba mimi kwanza. Nimejiuliza hilo kila siku. Kama hakukuambia, basi sasa unajua. Na kama alikuambia, basi ulisimama pale mbele ya ukoo mzima, unaitwa muuaji, una jibu mdomoni, ukalimeza ili mimi nisiaibike. Hilo sijui nitalibeba vipi.

Na lile jambo la mama, asubuhi ya Noeli, ni hili. Aliniambia kwamba ile Alhamisi, alipokuwa amejilaza kwenye khanga chini ya kitanda cha baba, hakuwa amelala. Alisema amengoja mwaka mzima niseme mwenyewe. Halafu akaniambia nimalize uji, tutachelewa.

Mtoto yuko nyumbani, juu ya kabati la baba, kwenye kitambaa chake. Watoto wa jumuiya wanakuja kuchungulia dirishani kila siku kuona kama bado yupo, na mmoja ameniuliza kama ameadhibiwa. Pango litavunjwa Jumapili ya Ubatizo wa Bwana. Mzee Polikarp amesema atakuja na jumuiya Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, tarehe kumi Januari, jioni, aulize tena. Asipopata amani, Mtoto atarudishwa sakristia bila kulala pangoni mwaka huu.

Mama anakusalimu sana. Anajua ninakuandikia, ila hakutaka nimsomee. Ameniagiza tu nikuulize kama Remmy bado anaogopa jogoo. Anjelika na Kasiana wanakusalimu, na mafundi wenzake baba wanauliza habari zako. Msalimie wifi Jane. Mwambie sitategemea anisamehe haraka, yeye ndiye aliyekupokea ulipofika na lile begi.

Siombi uje kwa ajili yangu. Akija Mzee Polikarp na kuuliza kama nyumba hii ina amani, safari hii sitakujibia. Ukiwa umesimama mlangoni, utajibu wewe, na ukisema haina nitakuwa nimekusikia. Usipokuwepo, nitawaambia watu wote kwamba haina, kwamba baba aliniomba mimi nikamkatalia, na Kajetani alimpa alichokitaka. Nitasema kwa sauti ile ile niliyoitumia siku ya matanga, ili na watakaokuwa jikoni wasikie.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Lidwina Tomasi